Kushuka Kabla ya Goma

Mama yangu hakupenda kuongozwa, ndiyo maana nilishangaa alipojiandikisha kwenye safari ya akina mama wa parokia yetu ya Bukavu. Walikuwa wanakwenda Goma kwa meli, kusherehekea jubilei ya wenzao. Programu yao haikumwachia mtu hata nafasi ya kukohoa: kushuka pamoja, misa pamoja, kula pamoja, kupiga picha kando ya ziwa pamoja, na jioni kupanda meli ileile kurudi. Wote walishona liputa la kitenge cha aina moja, na mama naye akashona. Nilimcheka, nikamwambia sasa amerudi shule ya msingi. Aliendelea kupiga pasi.

Ukweli aliniambia baada ya kumaliza kupiga pasi. Haja ya jubilei hakuwa nayo. Meli ile, kabla ya kufika Goma, husimama kidogo mbele ya Bweremana asubuhi na mapema, ili magunia na watu wa upande ule wateremke kwa mitumbwi. Yeye angeshuka pale. Angepanda pikipiki hadi kilima walichoishi zamani huko Masisi, alitafute kaburi la mtoto wake wa kwanza, aombe juu yake, kisha ashuke kwa njia ya Sake hadi Goma na kuikuta meli bandarini jioni. Alitaka niende naye kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri tena. Na kwa sababu, alisema, huyo ni kaka yangu pia.

Kaka huyo sikumwona. Aliugua surua akafa kabla sijazaliwa, wakamzika nyuma ya nyumba. Haukupita muda, vita vikawatoa kilimani. Walipitia Pinga, wakateremka hadi Mpofi, huko Walikale, na huko ndiko nilikozaliwa, katika shamba la mihogo la watu waliotupokea. Huko pia ndiko tulikomwacha baba yangu ardhini, kabla ya mimi na mama kuhamia Bukavu. Kwa hiyo Masisi niliijua kwa mdomo wa mama tu: maziwa mazito, maharage yanayoiva upesi, baridi ya asubuhi. Na kaburi. Kila mwezi wa Novemba, watu wanapokwenda kufyeka makaburi ya watu wao na kuweka maua, mama alibaki nyumbani akichambua mboga. "Baba yako iko na batu ya Mpofi, banamuangaliaka," alikuwa anasema. "Ule mutoto hana mutu."

Kulipoanza kupambazuka tulikuwa tayari tumesimama kwenye ngazi ya meli na mfuko wetu mmoja. Mama prezidenti wa kundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akatuona, akaja mbio.

"Munaenda wapi? Kila mutu anashuka na grupe."

"Prezidenti, unisamehe," mama alisema. "Mutoto yangu iko ananingojea kule juu."

"Mutoto gani tena? Haina huyu?"

"Ule wa kwanza."

Prezidenti alimtazama mama usoni. Sijui alielewa nini, na mama hakumweleza zaidi. Alirudi ndani, akaja na mkate mrefu uliofungwa kwenye karatasi, mmoja wa mikate ya kundi. "Umupelekee," alisema. "Na jioni usituchelewesheye, bato haingojeake mutu."

Mitumbwi ilikuwa imeshafika ubavuni mwa meli. Desturi ni kwamba magunia hushuka kwanza, kwa kuwa mwenye mali analipia nafasi yake mapema, na watu hufuata. Mama aliwaambia wapakuzi kwamba magunia hayana magoti yanayouma, kwa hiyo yanaweza kusubiri. Walicheka, wakamshika mikono, wakamteremsha. Mimi nilishuka nyuma yake nikishikilia kamba, maana ziwa halina huruma na mtumbwi ulikuwa unacheza. Meli ikaondoka na akina mama wakiimba sitahani, wote rangi moja. Mama hakugeuka kuwatazama.

Ufukweni tulipata pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya motari, dereva wake, kama kila mtu. Tulipita Shasha, tukafika Sake, tukaanza kupanda. Mama alikuwa katikati yetu, na kadiri tulivyopanda ndivyo mgongo wake ulivyozidi kunyooka. Alimwonyesha motari kanisa, kisha kijito, kisha jiwe lililopasuka, akitabiri kila kitu kabla hakijaonekana. Alinitajia nani aliishi wapi, nani alikuwa na mke mchoyo, nani aliiba mbuzi wa katekista. Nilikuwa sijamsikia akiongea vile tangu baba afariki. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinitia hofu, maana nilijua tunakokwenda hakuna mtu wa kumpokea.

Njiani alinielezea tena alama ya kaburi, kama anayeogopa nitasahau. Siku ya maziko, baba alikata kijiti cha ule mmea wa majani marefu usiokauka, akakichomeka kichwani pa mtoto. Watu wa kwetu hupanda mmea huo kaburini kwa sababu haufi. Hata ukiung'oa na kuutupa, unaota ulipoangukia. Kwa sababu hiyohiyo huupanda pia mpakani mwa mashamba. Mahali pote panaweza kubadilika, mama alisema, lakini ule utakuwepo.

Kilima kilikuwa malisho. Hakukuwa na nyumba hata moja ya zile alizozitaja, wala migomba, wala njia. Kulikuwa na majani mafupi yaliyotafunwa na ng'ombe, ua wa miti na waya ukizunguka pande zote, na chini kabisa nyumba ya mbao inayotoa moshi. Motari alizima pikipiki. Mwanamume mmoja aliyevaa buti za mpira alitoka na ndoo ya maziwa mkononi, mkewe na watoto wakabaki mlangoni. Tulisalimiana vizuri. Akatuuliza tunatoka wapi, tukamwambia Bukavu.

"Zamani siye tulikuwa tunaikala hapa," mama akasema.

Katika Masisi, ambako mashamba hugombaniwa kwa damu, hakuna maneno mazito kuliko hayo. Mwanamume aliweka ndoo chini taratibu. "Hii shamba nilinunua," alisema. "Makaratasi iko."

"Sikatae, papa. Sikuye juu ya shamba. Nilikuya juu ya kaburi. Mutoto yangu tulimuzika hapa, na tulimupandia ule muti ya mupaka."

Yule mwanamume aliivua kofia yake, akaivaa tena. Alitueleza akitazama buti zake. Alipoanza kufuga pale aliukuta mmea ule katikati ya malisho, peke yake, umestawi. Nyumba ilikuwa imeshaanguka na majani yamefunika kila kitu. Alifikiri kuna mtu amekuja kwa siri kumkatia mpaka, ili kesho aseme nusu ile ni yake. Akaung'oa, akaukata vipande, akavitupa kwenye ua. Vyote vikaota. Alituonyesha: upande mzima wa ua ulikuwa majani marefu ya kijani, yamesongamana.

"Mama, na weye ungeona vile ungefanya nini?" aliuliza. "Unajua mambo ya huku."

"Ningengoa," mama alisema.

Mimi nilikuwa nimejaa hasira. Nilitaka kumwuliza ni mpaka gani duniani unaowekwa kwa mti mmoja, na kama hakuweza hata kuuliza majirani wa zamani. Nilifungua kinywa, mama akanibana mkono. Alimwuliza kwa upole kama anapakumbuka mahali alipoung'oa.

Mwanamume alitazama malisho. Akawatazama watoto wake mlangoni. Kisha akatuongoza, si kule katikati, bali kuufuata ua hadi kwenye kona ya chini, pale waya unapopinda.

"Njo hapa ule muti ilikuwa," alisema.

Mama alisimama kidogo. Halafu akapiga magoti, polepole, akijishikilia kwangu, na mimi nikapiga magoti kando yake. Alisali Baba Yetu na Salamu Maria. Alimwita mtoto kwa jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia, la utani, la mtoto anayenyonya, akamwambia samahani kwa kuchelewa. Akamwambia baba yake alifariki, na kwamba huyu ni mdogo wake, amekuja kumwona. Nililia bila aibu. Mama hakulia, na macho hakuyafumba. Nilidhani ni kwa sababu ya magoti.

Tulipoinuka, mke wa yule bwana alituletea maziwa ya moto kwenye vikombe, na mama akawagawia watoto ule mkate. Mwanamume sasa alikuwa anazungumza sana, kama mtu aliyetua mzigo. Aliahidi kupasafisha, akaahidi ng'ombe hawatapakanyaga, akasema tukitaka tuje na padri. Mama alimshukuru kwa kila ahadi. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka upande wa Walikale, na motari akatukumbusha habari ya meli.

Tulipofika Sake, motari alisimama kununua mafuta ya chupa kando ya barabara. Tulikaa kwenye ubao mbele ya duka, na mimi nikasema tumshukuru Mungu, angalau tumepajua, Novemba hii tutakuja na saruji tumjengee. Mama alikuwa anajipangusa udongo magotini.

"Pale haina yeye," alisema.

Nilimwambia sielewi.

"Nyumba yetu ilikuwa katikati, pale ile ng'ombe nyekundu ilikuwa inalala. Mulango ilikuwa inaangalia kanisa. Yeye iko nyuma ya nyumba. Nilipajua tu kufika, hata bila muti. Yule papa pia anapajua, njo yeye alingoa."

Nilisimama. Nilimwambia turudi, turudi sasa hivi, meli iende zake, kundi liende zake; hakusafiri ziwa zima na mlima mzima ili asali kwenye kona ya waya. Nilimwita yule mwanamume mwongo na majina mengine mabaya zaidi. Watu wa dukani walianza kututazama. Mama aliningoja nimalize.

"Hukuona macho yake?" alisema. "Kaburi ikiwa katikati ya shamba, ile shamba iko na mwenyewe mwingine. Leo hangelala. Kesho angeita ndugu zake, na siye tungeita betu. Ukimya njo nilimupa." Alikunja pindo la liputa lake la jubilei, lililochafuka, akalificha ndani. "Nilikuwa naongea na mutoto yangu, na macho iko kule kwa ng'ombe. Alinisikia."

Nilimwambia si haki. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Haina haki," mama alikubali. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, bila sauti, na hakuyafuta. "Lakini mutoto yangu alikufa bila kuua mutu. Sitaki aanze sasa."

Motari alikuwa amemaliza kujaza mafuta. Mama akanishika bega, akapanda.