Bunduki za Delmar Zilivyokaa Kwangu

Delmar Fetterolf ni mbishi wa kuzaliwa. Miaka thelathini na nane alikata mbao kiwandani hapa kwetu Pennsylvania, na miaka hiyo yote nimewinda naye, lakini sikumbuki siku aliyokubali jambo bila kulikataa kwanza. Mkewe, Nadine, alizoea kusema kwamba Delmar angebishana hata na kioo.

Kibandani kwetu porini, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati. Pindo hupigiliwa misumari ukutani, na chini yake jina na mwaka. Delmar alikuwa amekatwa mara tatu maishani, na mara zote tatu ilibidi tumshike kwa nguvu.

"Yule hakuwa kulungu, alikuwa kivuli," alidai mwaka mmoja.

"Kivuli chenye pembe?" nikamuuliza.

"Vipo. Kwani wewe umewinda wapi, Wil?"

Nadine alifariki Agosti. Mwisho wa Novemba, siku ya kwanza ya msimu, kulungu dume alisimama hatua arobaini mbele ya Delmar, ubavu wazi, na Delmar akamkosa. Jioni aliingia kibandani, akavua koti, akachomoa shati kwenye suruali, akanipa mkasi mwenyewe. Wenzetu walicheka. Mimi nilikata lakini sikucheka, maana mbishi akiacha kubisha ujue kuna kitu kimevunjika ndani yake.

Jumatatu nilikwenda kwake. Siku hizo jimbo zima lilikuwa linagombana juu ya muswada mpya: usimpe mwenzako bunduki, hata kwa kumwazima siku moja, mpaka mpite kwa muuzaji wa bunduki mwenye leseni na anayeipokea achunguzwe rekodi zake. Alhamisi mbunge wetu angekuja ukumbi wa kikosi cha zimamoto, tunapofanyia mikutano, kutusikiliza, na mimi ndiye niliyechaguliwa na wawindaji wenzangu kuupinga. Nikajidanganya kwamba nakwenda kwa Delmar kuomba hoja.

Nilimkuta jikoni, vyombo vya wiki nzima vimejaa kwenye sinki. Bunduki aliyoachiwa na baba yake ilikuwa juu ya meza, pale Nadine alipokuwa akiweka sahani yake. Hakukuwa na kitambaa wala mafuta ya kuisafishia.

"Delmar, nitakuuliza kitu, na ukitaka kunipiga, nipige," nikamwambia. "Unafikiria kujiua?"

Aligeukia birika la kahawa.

"Asubuhi ndiyo mbaya," akasema. "Najikuta nimeshapika kahawa ya watu wawili."

"Nipe hiyo nikae nayo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uanze kunisumbua tena kwa ubishi wako."

Akatoa risasi mwenyewe, akanikabidhi, kisha akaenda kuleta na nyingine mbili zilizokuwa stoo. Nilizifungia kwenye sefu yangu, nikarudi kulala kwenye kochi lake. Njiani nililia, siwafichi. Kesho yake binti wa Delmar, Carla, ambaye ni muuguzi Pittsburgh, alifika na kumpeleka kwa daktari.

Carla yeye anautaka ule muswada. Tuliposimama kwenye sinki, yeye anaosha, mimi nafuta, nikamwambia, "Sheria hiyo ingekuwepo nilipochukua bunduki zake, leo mimi ni mhalifu."

"Anko Wil, baba ana wewe," akanijibu. "Mimi nimewapokea hospitali watu waliojipiga risasi kwa bunduki walizoazimwa na rafiki, na huyo rafiki hakuuliza hata swali moja."

Nikafuta sahani ileile mara mbili, nimeudhika.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Nilisimama na karatasi yangu, nikasema bunduki zetu ni za mawindo na za urithi, na kwamba sheria hii inawabana watu wasio na kosa. Wakapiga makofi. Nilipofika kwenye sababu yangu kubwa, nikakwama. Ilikuwa siri ya Delmar, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Kaa chini, Wil, unaharibu," sauti ikatoka safu ya nyuma. Delmar alikuwa amesimama, Carla kamshika mkono.

"Bunduki zangu anazo yeye tangu Jumatatu," akasema. "Nilikuwa nataka kujimaliza. Sasa, mheshimiwa, binti yangu anasema hiyo sheria yako ni nzuri, na Wil anasema ni mbaya. Mimi sijui. Ila ukiiandika, acha upenyo wa mtu kama huyu kupita."

Hakuna aliyepiga makofi. Mbunge alivua miwani yake, akaandika kitu. Wakati wa kutoka, wanaume wawili walinivuta kando, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama sefu yangu bado ina nafasi. Mmoja wao nimemjua tangu shule ya msingi, na sikuwahi kushuku kwamba naye yuko taabani.

Muswada umerudishwa kwenye kamati, na sisi bado tunaugombania. Delmar huja kwangu kila Jumatatu, na kila Jumatatu namuuliza kama yuko tayari kuchukua bunduki zake. Hujibu, "Bado," tukaendelea na mengine. Aprili, msimu wa bata mzinga wa porini ulipokaribia, nilidhani angezitaka.

"Bado," akasema. Akavaa kofia, akafika mlangoni, akageuka, na kwa mara ya kwanza akaniomba mwenyewe. "Lakini Jumatatu ijayo uniulize tena."