Mafuta ya Nazi kwenye Picha ya Ubao

Picha yenyewe ni ya Mama na Mwanawe, imechorwa juu ya mbao tatu zilizounganishwa, na ilikuwapo kigangoni kwetu Kerege kabla sijaletwa pale bibi harusi. Nani aliileta, hakuna aliyebaki wa kusema. Mimi niliikuta imeshakuwa nyeusi. Zilionekana nyuso mbili tu, kama watu waliokaa jikoni mlango umefungwa.

Kila Jumamosi Kuu, wanawake wakishamaliza kudeki kanisa, mama mkwe wangu aliwatoa nje wote, akaishusha picha, akaipaka mafuta ya nazi. Alikuna nazi mwenyewe, akachuja tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Alipaka kwa kiganja, uso wa Mama kwanza, kisha wa mtoto.

"Mtoto akitoka kuoga anapakwa mafuta, ang'ae," aliniambia. "Na huyu ni mtoto."

Macho yake yalipochoka, kazi akanikabidhi mimi. Kabla yake walikuwapo wengine watatu, na majina yao ninayo, na ya mama zao pia. Shule niliiachia darasa la pili, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Hapa nimeombwa nisitaje mtu, basi sitaji. Nikaipaka mimi miaka yote hiyo, mlango nimeufunga, na nikimaliza picha inang'aa kama kikaango. Nikajiona nimefanya vizuri.

Mwaka juzi paroko akatuletea binti kutoka Dar es Salaam, kazi yake kuhifadhi picha za kale. Binti wa Kiislamu, mtandio kichwani, adabu zake zote. "Shikamoo bibi," akaniamkia, akainama kabisa. Nikaitika marahaba, nikavuta kigoda nikae karibu. Nilitaka kuona atamfanya nini Mama yetu.

Akailaza picha mezani kwenye chumba cha nyuma ya altare. Akagonga ubao kwa kucha, akatega sikio.

"Bado unafanya kazi, bibi."

"Ubao unafanya kazi gani?"

"Masika unakunywa unyevu unavimba. Kiangazi unasinyaa. Mti wake ulikatwa kabla babu yako hajazaliwa, lakini hadi leo haujaacha."

Nywele zilinisimama. Kumbe miaka yote tulikuwa tunapiga magoti mbele ya kitu kinachopumua.

Halafu akazungusha pamba kwenye kijiti, akaitia mdomoni, akaitoa imelowa, akaanza kumfuta Mama shavuni.

"We!" nikaruka. "Unampaka mate Mama wa Mungu?"

Hata hakushtuka. "Bibi, mtoto wako akiwa na uchafu usoni, na maji huna, unafanyaje?"

"Nalamba kidole, namfuta."

"Basi. Na Bibi Mariamu hata sisi tunamheshimu, usiogope."

Nikarudi kwenye kigoda. Pamba ilitoka nyeusi tii.

Mate yaliondoa masizi ya mishumaa tu. Chini yake kulikuwa na utando wa kahawia, mzito. Alihangaika nao siku mbili. Siku ya tatu akatuita wanawake wote.

"Mama zangu, kuna mtu aliwahi kuipaka hii picha kitu chochote? Kama ni sandarusi, ile vanishi ya utomvu wa mti, itanibidi nitumie dawa kali, na dawa kali inaweza kuondoka na sura yenyewe. Nisipojua ni nini, siigusi. Nitairudisha ukutani ilivyo."

Mwenyekiti wetu wa akina mama akadakia, "Nani aiguse? Huyu bibi hata vumbi hataki tupanguse. Tukisogea anatufukuza kama kuku walioingia kwenye unga!"

Wakacheka. Nikacheka nao.

Nikashika njia ya nyumbani. Ningesemaje? Wenzangu nimewafukuza miaka yote, kumbe aliyeiziba picha ni mimi. Na wale marehemu je, majina yao yapakwe matope nikiwa hai? Nilifika mpaka barabara ya lami, nikasimama. Nikamwona yule Mama akirudishwa ukutani na giza lake, mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu mimi naona aibu. Nikageuza.

Nikamkuta binti anakunja vitambaa vyake.

"Ni mafuta ya nazi," nikamwambia. "Nimeipaka mimi."

Akaniangalia. "Ya nazi tupu?"

"Ya kukuna mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu namnyonyesha mwanangu wa kwanza. Yeye sasa ana wajukuu."

Akaketi. Nikasubiri kukemewa. Akashusha pumzi ndefu, akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, umeniokoa. Hayo hayakauki yakawa magumu. Yamebaki laini, ndiyo maana yakashika moshi na vumbi. Dawa nyepesi itayatoa. Hakuna kingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Lakini kichwa changu hakisahau.

"Mwaka mmoja nazi ziliadimika. Nikapaka ya alizeti. Yalikuwa machache, yalitosha shavu la mtoto tu."

Tabasamu likamfutika usoni. "Hayo ndiyo yanayokauka yakashika kama gundi."

Akataka kujua walionitangulia. Nikamtajia mmoja mmoja, akawaandika kwenye daftari lake. Akiniuliza jina linaandikwaje, namwambia, "Herufi zako, jina langu."

Kazi ikaanza upya. Alifuta sehemu ndogo kama ukucha, kisha nyingine. Nikawa naenda kila asubuhi. Siku moja ikatokea buluu, nguo ya Mama, kama moto wa jiko la gesi ukiwashwa gizani. Kisha jichoni mwake nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi, na kwa nukta hiyo akawa ananitazama. Nikaogopa, nikateremka kwenye kigoda nikakaa chini.

Lakini lililonimaliza ni nyuma ya bega lake. Pale tulipajua ni giza tu. Binti akafuta, akafuta, likatokea dirisha. Ndani ya dirisha mti, chini ya mti njia nyembamba inakwenda mbali. Watu wote wale waliishika picha hii kwa viganja vyao, wakafa bila kujua kwamba Mama ana dirisha. Nikawataja kwa sauti, kila mmoja na jina lake, kama waje waone.

Mwenyekiti, habari za mafuta zilishamfikia, akaingia na maneno yake, "Haya, bibi wa mafuta..." Hakumaliza. Alisimama pale mlangoni, kisha akavua viatu.

Shavu la mtoto halikusafika. Binti alijaribu pembeni kidogo, akaona rangi inafuata, akaacha. Limebaki doa la kahawia, upana wa kidole gumba. Ni kidole changu.

Sasa Jumamosi Kuu naenda mikono mitupu. Nafungua madirisha, mlango nauacha wazi, nakaa. Watoto wa mafundisho hupenda kuuliza nani alimchafua Mtoto Yesu shavuni. Wakubwa hujifanya hawasikii.

"Mimi," nawaambia. "Njooni karibu muone."