Treni ya Vichwa Viwili

Koti la babu yangu lilinuka mazuti, yale mafuta ya injini. Bibi alilifua, akalianika, akalikunja pamoja na majani ya mchaichai, lakini jioni za mvua, likitundikwa karibu na jiko, lilirudia harufu yake kana kwamba halijapata kuona sabuni. Sokulu, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kinande, aliendesha treni huko kaskazini, upande wa Uele, miaka mingi kabla ya kurudi Butembo kuzeeka. Mji wetu haujawahi kuwa na reli. Tulijua chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, na malori ya viazi yatokayo Kanyabayonga, basi. Njia ya mwongo ni fupi, walitania majirani wa mtaa wetu wa Mususa, ila ya mzee huyu ina vituo vingi mno. Yeye alicheka nao, lakini baadaye aliingia ndani mapema.

Msimu mmoja wa mvua, nikiwa na miaka tisa, alinieleza treni yake yote huku tukichambua maharage. Lilikuwa behewa moja tu, jekundu chini na rangi ya maziwa juu. Lilikuja kupokea zamu ya treni za kuchoma kuni, zilizotoboa nguo za abiria kwa cheche. Injini ilikaa chini ya sakafu, kwa hiyo nyayo za wasafiri zilitetemeka safari nzima. Karibu na magurudumu kulikuwa na masanduku ya mchanga. Reli zikiteleza kwa mvua, dereva aliumwaga kidogo, magurudumu yakashika. Kila mwisho wa behewa palikuwa na chumba cha dereva. Ikifika kituo cha mwisho, treni haikugeuka: Sokulu alichomoa mpini wake wa chuma wa kuendeshea, akapita katikati ya watu akiwasalimu, akauchomeka upande wa pili, nao abiria wakageuza viegemeo vya viti vyao. Kisha vipuri vikakosekana, treni ikasimamishwa, na msitu ukafunika reli. Hayo ya mwisho aliyasema haraka.

Kwa hiyo mwalimu alipotuambia tuchore vyombo vya usafiri, nilichora treni yenye vichwa viwili. Aliinua daftari langu darasa zima lione, akasema akichanganya na Kifaransa chake: “Mais, Masika, hata panya iko na mukia! Hii itageukia wapi?” Watoto wakaangua kicheko. Mimi, badala ya kumtetea mzee wangu, nikacheka nao na kusema: “Ni Sokulu alinidanganya.” Nyumbani nilimwonyesha Sokulu alama nyekundu tu. Hakumaliza ugali wake.

Asubuhi alivaa lile koti, akachukua ule mpini, aliopewa siku treni iliposimamishwa, akanifuata shuleni. Aliomba ruhusa kwa adabu, akasimama mbele ya ubao, na madawati yetu yakawa behewa. Aliunguruma kwa koo lake hadi kituo cha mwisho. “Batoto, mubakie mu viti. Treni hapana geuka. Ni miye nageuka.” Akapita katikati yetu taratibu, akimpa kila mtoto mkono, mpaka ukuta wa nyuma. Tukageuza miguu yetu juu ya mabenchi, na mwalimu, aliyekuwa mbele, akajikuta nyuma ya safari. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alikuwa kijana mwema. “Papa, unisamehe,” alisema. “Miye sikuonaka treni hata siku moja.”

“Hata miye, kabla ya kuiendesha, sikuonaka.”

“Donc, basi, tulikosa sisi wote. Hata Masika alisema ulimudanganya.”

Nilitamani sakafu inimeze. Sokulu alinitazama, kisha akamgeukia mwalimu. “Masika? Hapana. Masika njo mwenye kuichora.”

Alikufa kabla sijamaliza shule. Siku hizi naishi Bungulu, mjini Beni, na wanangu huona kila aina ya treni kwenye simu, nyingine zikienda mbio kuliko upepo. Hawahitaji kumwamini mzee yeyote. Sisi tulikuwa na mdomo wa mtu tu, na mtu huyo ukimkana hana pa kukimbilia. Nimewasimulia treni ya babu yao mkuu mara nyingi, mchanga wake na viti vyake, nao hunisifu kwa kumpenda. Neno nililolisema darasani sijawahi kuwaambia. Watalisoma hapa.