Kijana Mwenye Gunia

Jana jirani alichoma takataka za plastiki, na moshi ule mkali ukanirudisha kwenye stoo ya kahawa kule Githongo, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza.

Baba yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta sinema milimani kwetu. Alikodi mikanda Nairobi, akaizungusha soko hadi soko kwa pikapu yake kuukuu.

Siku hiyo, ndani ya stoo ile, alionyesha filamu ya wakulima iliyopigwa huko huko kwetu. Kijana mmoja alipita na gunia begani, akageuka, akacheka. Mama mmoja akaruka kutoka kwenye benchi.

"Huyo ni mtoto wangu!"

 Kijana yule tulikuwa tumeshamzika, na mama yake hakuwa na picha yake hata moja.

"Mzee, msimamishe kidogo nimwone," akasihi.

Baba alijua kwamba mkanda ukisimama mbele ya taa kali ya mashine huungua. Alidhani atauwahi kabla haujaungua. Akasimamisha mashine, na kijana akatulia ukutani, anacheka. Kisha doa la kahawia likatokea shavuni, likatanuka, likamla uso wote.

Baba alizima taa, akabaki ameinamia mashine. Mama yule akaja akamshika mkono.

"Asante, mzee. Nimemwona."

 Baba alikata kipande kilichoungua, akauunga mkanda. Tulipouonyesha kwenye soko la Kianjokoma, kijana aliingia na gunia lake, akatoweka kabla hajageuka. Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia sakafu.