Mshtakiwa Aliyemgeuzia Hakimu Mgongo

Mwaka wa kumi na tisa huu niko mahakamani. Nimeona washtakiwa wanaolia, wanaotukana, hata wanaosinzia. Lakini aliyeingia, akageukia ukuta na kujifunika fulana kichwani mbele ya hakimu, nimemwona mmoja tu.

Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Naitwa Noelene. Ni Mwaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, ila wa kusini, watu wa mtoni, na kazi yangu ni huku jangwani, kumsaidia wakili kuwasemea Waaborijini wenzangu na familia zao kwenye kesi. Hakimu huja na ndege ndogo mara moja kwa mwezi. Ukumbi wa kijiji unageuka mahakama, kesi arobaini zinamalizwa kwa siku moja. Mtu unampa dakika kumi akueleze maisha yake yote.

Jamani, nimechoka. Sifichi.

Siku hiyo wa kwanza alikuwa Lyle. Miaka thelathini na moja. Alikamatwa akiendesha gari huku amefungiwa leseni, mara ya tatu hiyo. Alikuwa anamkimbiza mkewe kliniki.

Mke akafariki Lyle akiwa mahabusu. Alifariki Jumanne, mazishi Jumamosi.

"Shangazi," aliniambia jioni ya kuamkia kesi, "nitoe nikamzike. Basi. Baada ya hapo wanifunge hata mwaka."

Dhamana ilitaka mtu wa kumsimamia, mwenye nyumba na jina zuri. Nikajiona mjanja. Nikampigia simu bibi Daphne, mama wa marehemu. Huyo hata polisi wakikutana naye wanavua kofia.

"Mimi?" aliuliza. Kisha akasema, "Nitakuja."

Nikajaza fomu chapchap, na asubuhi nikamkalisha mstari wa mbele kabisa.

Lyle akaletwa. Kumwona tu bibi, pap! Ukutani. Fulana kichwani.

"Bwana, nitazame ninapozungumza na wewe," hakimu alisema.

Hakugeuka.

Mwendesha mashtaka akasimama harakaharaka. "Mheshimiwa, unaona mwenyewe. Hawezi hata kuwatazama wafiwa. Dhamana ya nini?"

Nikageuka. Bibi Daphne alikuwa amejifunika uso kwa shali, anajikongoja kutoka, anashika kiti hiki na kile. Nikaomba dakika tano, nikamkimbilia barazani.

"We binti wa mtoni," aliniambia bila kunitazama, "kwenu mkwe mnamkodolea macho?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Huku mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Hawachukiani. Ni heshima, na hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Nilikuwa najua! Lakini kwetu mtoni wamisionari waliwachapa bibi zetu mpaka mambo hayo yakaisha, kwa hiyo mimi nayajua kwa kuambiwa tu. Na ukiwa na mafaili arobaini mezani, ya kuambiwa ndiyo ya kwanza kusahaulika.

"Bibi, nisamehe. Tufanyeje sasa?"

"Mimi nakaa hapahapa nje. Wewe nenda, rudi."

Basi nikamweleza hakimu kosa langu. Naye, nimpe haki yake, akasikiliza. Bibi akakaa nyuma ya ukuta, mimi nikawa nabeba maneno yake kuyaingiza ndani.

"Anasema ni mume mwema. Anasema marehemu alipougua miguu, huyu ndiye aliyekuwa anambeba kumpeleka kuoga."

Mabega ya Lyle yalikuwa yanatikisika pale ukutani.

Hakimu akaandika. Dhamana! "Utalala nyumba namba kumi na nne kila siku mpaka kesi iishe. Umeelewa?"

"Ndiyo," Lyle alisema. Watu wetu mahakamani husema ndiyo kwa kila kitu, ilimradi yaishe. Nami nilifurahi mno, nikasaini bila kusoma, nikaita kesi ya pili.

Jumamosi akamzika mkewe.

Wiki tatu baadaye nilipita kumjulia hali. Ilikuwa Juni, huku ndiyo majira ya baridi kali, barafu imeganda kwenye kioo cha gari. Nikamkuta Lyle namba kumi na nne, peke yake.

"Bibi Daphne hajambo?"

Akainamisha kichwa, akaelekeza kwa midomo kule kwenye korongo la mto mkavu.

Nikamkuta nyuma ya bati lililoegeshwa kwenye mti. Godoro, mablanketi, mbwa wawili, kopo la chai. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, anakohoa.

Nikarudi garini nikatoa karatasi. Namba kumi na nne ilikuwa nyumba ya bibi. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Bibi! Wiki tatu uko nje kwenye baridi hii? Kwa nini hukuniambia?"

"Karatasi imesema alale mle. Asipolala, wanamfunga. Mimi na yeye hatulali paa moja. Basi nikatoka."

"Ulijua tangu siku ile ya mahakama?"

"Nilijua tangu uliponipigia simu." Akapuliza chai yake. "Binti yangu alimpenda sana yule. Na wewe sauti yako ilisikika imechoka, nikaona nisikuongezee."

Nilikaa chini mavumbini nikalia kama mtoto. Halafu nikampigia wakili, na siku ya tatu anwani ikabadilishwa. Lyle akahamia kwa kaka yake.

Siku hizi, kabla sijashika kalamu, nauliza kwanza: huyu ni nani kwako? Unamtazama? Mnakaa nyumba moja? Kesi ziwe arobaini, ziwe mia, nauliza. Ninyi mnaofanya kazi za watu, mkichoka semeni mmechoka, mpumzike. La sivyo uchovu wenu atakuja kuubeba mtu asiyelalamika, na hamtajua.

Bibi Daphne karudi kwake. Kikohozi hakijaisha.