Mmarekani na Mchezo wa Kisima

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari, nje kidogo ya Bariadi, na nilikuwa mlezi wa kikundi cha maigizo. Muhula wa pili tuliletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, mama wa makamo aliyefundisha maigizo kwao kwa miaka mingi. Nilimpa chumba nyumbani kwangu. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alijifunza kuwasalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akaendelea nayo hiyo hiyo hadi jioni.

Aliwafundisha historia ya kwao kupitia sanaa. Aliwaeleza habari za watumwa walioimba wakichuma pamba, wakisema kwa wimbo yale ambayo mwenye shamba asingevumilia kuambiwa. Aliwaeleza habari za waimbaji waliopinga vita, na waigizaji walionyimwa kazi kwa kuwa wanasiasa waliwashuku. Wanafunzi wangu wamekua wakichuma pamba, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Wiki hiyo hiyo wakaanza kutunga mchezo wao.

Katika mchezo huo kulikuwa na kijiji kikavu. Kiongozi anakuja kuzindua kisima, anakata utepe, watu wanapiga makofi, maji hayatoki. Anarudi kukata utepe mara ya pili, na ya tatu. Mwishoni bibi mmoja anamshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, utepe haunyweki."

Mimi ni mzaliwa wa Mwanhuzi, kwenye ukame, kiu naijua. Nilicheka hadi machozi, nikawaruhusu waucheze siku ya mahafali.

Siku mbili kabla ya mahafali, mkuu wa shule aliniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Alisema amepigiwa simu, hakusema na nani, na swali lilikuwa moja tu: nani ameandika mchezo wa kisima? Mgeni rasmi wetu alikuwa kiongozi, na mwaka uliotangulia alizindua kisima kijiji cha jirani. Sote wawili tulijua kwamba watu wa kijiji kile bado wanateka maji mtoni.

"Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu," akasema. "Utajua la kufanya."

Nilirudi darasani nikawapa wanafunzi zoezi la kitabuni, nikaketi. Niliwaza barua ya kujieleza, niliwaza kuhamishwa, niliwaza wanangu. Nikafuta picha zote za mchezo kwenye simu, nikajitoa kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, kisha nikaogopa kwamba kujitoa kwenyewe kutaonekana. Gari jeupe lilisimama nje ya geti. Nililitazama dirishani hadi dereva aliponunua mahindi ya kuchoma akaondoka.

Jioni nilimkuta yule Mmarekani jikoni kwangu anachambua mchicha. Nilitaka anitie moyo. Nikamweleza yote, nikamwambia nilidhani kwao msanii haogopi.

Aliacha kuchambua. Alinieleza kwamba shuleni kwake waliigiza mchezo ambao baadhi ya wazazi hawakuupenda. Wanasiasa waliokuwa wanatafuta kura wakaudaka, wakautaja kwenye kila mkutano. Vitabu vikaondolewa maktaba, darasa lake likafungwa. Kisha mtu akamtumia picha ya mlango wa nyumba yake, bila neno lolote.

"Nilikuja huku nipumzike kuogopa," akasema.

Ujasiri niliokuwa nao nilikuwa nimeuazima kwake, na kumbe hata yeye hakuwa nao. Nikavuta kigoda, tukamalizia kuchambua ule mchicha.

Kesho yake nilikiondoa kipande cha bibi. Aliyekiigiza alikuwa binti wa kidato cha tatu kutoka Zagayu. Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, tumekosea?"

"Hapana."

"Sasa mbona tunakiondoa?"

Nilimwambia awahi kipindi.

Siku ya mahafali utepe ulikatwa mara tatu. Hapo walitakiwa waimbe na kuinama. Binti yule hakuimba. Alisimama akimtazama kiongozi wa kwenye mchezo, wenzake nao wakanyamaza. Kutoka kwenye turubai la wazazi, mama mmoja mzee akauliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, maji yako wapi. Kicheko kikaenea turubai zima. Mimi niliangalia viatu vya mgeni rasmi, sikuthubutu kupandisha macho.

Baada ya hotuba mgeni rasmi aliniita kando.

"Mwalimu, mchezo uliishia pale?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Watoto wana kipaji," akasema. "Uwaangalie sana."

Mpaka leo sijui alimaanisha niwatunze au niwachunge wasije wakanena tena. Kwa miezi kadhaa kila gari lililopunguza mwendo getini lilinipeleka dirishani. Barua haikuja. Mmarekani alirudi kwao muda wake ulipoisha, na tulipoagana tulishikana mikono kwa nguvu kama watu waliotoka msibani. Kikundi cha maigizo hakuna aliyekifunga. Niliacha tu kuitisha mazoezi, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini.