Namba Sita za Laini ya Uingereza

Kufikia saa tano asubuhi ya Jumapili, Balqees Nasr alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta mara nne na kusimama mara nne. Alikwenda dirishani, akatazama magari mapya yaliyopangwa nje ya duka la chini, akarudi. Ukurasa wa ofisi ya kodi ya Uingereza haukubadilika. Ulimtaka aandike namba sita zilizotumwa kwenye simu yake, na ili kumkumbusha ni simu ipi, ulimwonyesha tarakimu mbili za mwisho: 47. Laini hiyo ilikuwa Uingereza. Kwa nani hasa, hakujua.

Balqees ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Maskati kwa wazee waliotoka Unguja, akafanya kazi ya ufamasia miaka kumi na tisa katika hospitali moja ya kusini mwa Uingereza, akarudi miaka miwili iliyopita mama yake alipovunjika nyonga. Tangu siku hiyo wanakaa wawili kwenye fleti mtaa wa Wattaya, Maskati. Ukoo mzima umeshika kwamba amerudi moja kwa moja. Yeye hakuwahi kusema hivyo, wala hakukanusha. Kila mwaka, bila kumwambia mtu, hulipa ada ya kubaki kwenye daftari la wafamasia wanaoruhusiwa kufanya kazi kule.

Habari ya kodi aliisikia Ijumaa, kwenye chakula cha mchana cha uchumba wa jamaa. Loai, binamu yake aliyefanya kazi Milton Keynes, Uingereza, alikuwa akijisifu.

"Wamenirejeshea pauni elfu tatu," alisema huku akichambua miba ya samaki. "Hela yangu mwenyewe. Miaka yote nnawaachia tu, mjinga mimi."

Akaeleza. Mtu anapoweka pesa kwenye mfuko binafsi wa pensheni, mfuko wenyewe humwombea serikalini nafuu ya kodi ya asilimia ishirini. Lakini aliyekuwa akikatwa kodi ya kiwango cha juu, ile ya asilimia arobaini, ana nafuu nyingine ya ishirini, na hiyo hakuna wa kumwombea. Anaidai mwenyewe mtandaoni, na anaruhusiwa kurudi nyuma miaka minne tu.

"Na mwaka wa nyuma kabisa unafungwa Jumapili hii, tarehe tano," Loai alisema. "Ikipita, wameshakula."

Balqees aliendelea kupakua wali kana kwamba jambo halimhusu. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa akilipa pauni mia nne kila mwezi kwenye mfuko kama huo, na mshahara wake wa miaka ya mwisho uliingia vizuri ndani ya kiwango cha juu. Nafuu yake ilikuwa pauni elfu moja na mia mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Miwili ilikuwa na muda bado. Wa kwanza ulibakiwa na siku mbili. Pesa ya mwaka huo peke yake ingetosha ada ya daftari kwa miaka kadhaa na tiketi ya ndege. Hakutaka ukoo ujue habari ya ada wala ya tiketi.

Jumamosi alizipata taarifa za mfuko kwenye barua pepe zake za zamani. Neno lake la siri alilikumbuka. Kilichobaki ni laini.

Katika ukoo huu laini ya Uingereza haikatwi. Anayeondoka humwachia anayefika, ili mgeni awe na namba tangu siku ya kwanza, ya kufungulia benki na kutafutia chumba. Balqees alimwachia Noof, binti wa kaka yake Muatasim. Akampigia.

"Laini gani, Shangazi?"

"Yangu. Ya arobaini na saba."

"Ah, hiyo. Sinayo. Nilimpa Jaifar alipokuja Septemba."

"Si nilikupa wewe?"

"Ulisema usiikate, mpe atakayekuja. Akaja, nikampa."

Jaifar, mpwa mwingine, alisema ameshapata laini yake, na ile ya zamani aliiacha juu ya friji nyumbani kwa Muatasim, kule kule Uingereza, siku ya Idi. Muatasim aliitafuta juu ya friji, kisha nyuma yake.

"Siku ya Idi wamekula watu thelathini hapa," alisema kwenye simu. "Nimkamate yupi? Kwani unaitakia nini?"

"Shughuli zangu tu."

"Shughuli gani za Uingereza na wewe uko Wattaya?"

Alimwambia mama anamwita, akakata.

Jumapili ilikuwa Pasaka. Simu za ofisi ya kodi hazikuwa na wa kuzipokea. Mirembe, Mganda anayemhudumia mama, alikuwa ameahidiwa siku hiyo tangu Februari aende kanisani Ruwi. Alimtazama Balqees akipita sebuleni kwa mara nyingine.

"Madam, leo unatembea sana. Mama nimeshamwogesha, chai amekunywa, ametulia. Wewe ndiye hujatulia."

"Nenda, utachelewa."

"Nitarudi saa kumi. Usinipigie."

"Sikupigii."

"Na mwezi jana ulisema hivyo hivyo," Mirembe alisema, akafunga mlango.

Ilibaki njia moja: kundi la WhatsApp la ukoo, watu sitini na wawili. Balqees aliandika kwamba laini anaihitaji kwa ajili ya benki, akafuta. Aliandika kwamba ni mambo ya hospitali, akafuta, maana wangeuliza hospitali gani. Alikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Saa saba, kule ikiwa saa nne asubuhi, aliandika: "Nani ana laini yangu ya Uingereza inayoishia 47? Nadai kodi yangu. Mwisho leo." Akatuma kabla hajabadili mawazo.

Wa kwanza alikuwa Loai. "Kumbe ulikuwa unasikiliza, wewe na upawa wako."

"Kodi ya wapi?" aliuliza mwingine. "Si alisema ameshamaliza na Waingereza?"

"Hakusema," Muatasim aliandika. "Tulisema sisi."

Ukaja ujumbe wa sauti wa Khalati Shaikha, mdogo wa mama yake. Balqees aliufungua akiwa amesimama katikati ya sebule, na sauti ikajaa chumba: "Balqees, hiyo laini usije ukaifunga, benki yangu inaleta namba zake huko huko. Na hebu niambie, unarudi Uingereza? Na mama yako anabaki na nani?"

Kwenye kiti chake Bi Sabah, mama yake, aligeuza kichwa.

Kisha Malak akaandika. Alikuwa mke wa Jaifar, na Uingereza alikuwa na wiki tatu tu. "Ninayo mimi, Da Balqees. Niliikuta juu ya friji nikadhani ni ya nyumba."

Balqees alimpigia, akaomba namba upya kwenye ukurasa. Namba hizo hudumu dakika kumi na tano tu.

"Zimefika," Malak alisema, akazisoma moja moja.

Ukurasa ukazikataa.

"Soma tena."

Alisoma tena. Zikakataliwa tena.

"Malak, huo ujumbe umetoka kwa nani?"

"Umeandikwa benki."

Khalati Shaikha, kwa wasiwasi wake, alikuwa amefungua benki yake kuhakikisha laini bado ipo hai.

"Mwambie atoe mikono yake kwenye simu," Bi Sabah alisema kutoka kwenye kiti. Ndilo neno lake la kwanza tangu ule ujumbe wa sauti.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa serikali. Namba zilikubaliwa. Balqees alijaza alicholipa kila mwaka, akaambatisha taarifa za mfuko. Hatimaye ukurasa ukamwonyesha anwani, nyumba ya Muatasim kule Portsmouth, na kumuuliza kama bado anakaa hapo.

Alisimama, akaenda dirishani.

"Wanataka nini tena?" mama yake aliuliza.

"Wanauliza nnakaa wapi."

"Hujui?"

Alirudi, akakaa. Alifuta Portsmouth, akaandika jina la jengo, namba ya njia, Wattaya, Maskati. Akatuma madai ya miaka yote mitatu. Ukurasa ukampa namba ya kumbukumbu, akainakili nyuma ya kisanduku cha dawa.

Simu ililia mezani. Khalati Shaikha alikuwa akiuliza mara ya tatu kama anarudi, na wengine wanne walikuwa wameweka alama ya kuuliza chini yake.

"Wajibu," Bi Sabah alisema. "Wanangoja. Na mimi nnangoja."

"Sijui, mama."

"Basi waandikie hivyo."

Balqees aliandika neno moja, "Sijui," akalituma kwa watu sitini na wawili. Kisha akasimama kumpashia mama moto chakula, akaacha simu mezani ikiendelea kulia.